Kisu cha Idd: Tusidanganywe na Rangi



Ndugu wasomaji, wazazi na walezi wa watoto wetu. Baada ya kumshukuru Allah (s.w.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo tunaomba tuzungumze juu ya kitu kilichomo katika kila jiko na ambacho ni nadra kuzungumziwa: kisu. Huenda wapo watakaosema kwamba walimu wa madrasa wameishiwa na mada. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kwani jambo hili limetukuta sisi wenyewe na aibu yake bado hatujaisahau.

Idd el-Hajj ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, tulikuwa tukizunguka hapa Buyenzi, Bujumbura, kuwachinjia wale waliotuomba. Nyumba moja ilikuwa na mbuzi watatu. Baba mwenye nyumba, Allah amlipe kheri kwa nia yake, alikuwa amenunua kisu kipya kwa ajili ya siku ile. Ubapa wake mweusi tii, maandishi ya rangi ya dhahabu, mpini mzuri, na kimo ndani ya boksi lake. Tukakipokea, tukakisifu, tukaanza kazi. Mbuzi wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili ilibidi kusukuma kidogo. Wa tatu kisu kiliteleza juu ya ngozi, ikabidi kukandamiza na kupeleka mkono mbele na nyuma kama mtu anayekata ubao, na mnyama akajitupa hadi vijana waliomshika wakakaribia kumwachia. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka 9 hivi, alikuwa amesimama karibu na ukuta. Akauliza kwa sauti ya chini, "Maalim, si ulitufundisha kisu kiwe kikali?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tulikitazama kile kisu juani. Rangi nyeusi ilikuwa imebabuka kando ya makali, na makali yenyewe yamelala upande mmoja kama ukingo wa bati uliokanyagwa. Kisu cha siku moja!

Tusimlaumu baba wa watu wala aliyemuuzia. Kosa ni letu sisi tuliopewa kisu tusikikague. Na tukisema kweli, kosa hili ni la wengi wetu. Ikikaribia Idd tunakwenda kuchagua mnyama kwa makini: tunamtazama meno, tunamtembeza tuone kama anachechemea, tunamwangalia macho na masikio. Kisu tunakikumbuka asubuhi ya Idd baada ya swala, tunakisugua mara tano sita kwenye ngazi ya saruji, tunasema kimekuwa kikali. Halafu mnyama ameshafungwa miguu na anatutazama!

Ndugu zetu, hili si jambo la adabu peke yake. Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), aliyoipokea Imamu Muslim na ambayo watoto wetu huihifadhi kuwa ya 17 katika Arubaini ya Imamu Nawawi, imetaja wazi kuufanya wembe wa kisu uwe mkali na kumpumzisha mnyama, na imeliweka jambo hilo ndani ya ihsani ambayo Allah ameiandika juu ya kila kitu. Hiyo wengi wanaijua. Lisilojulikana na wengi ni walilolisema wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi kuhusu kisu butu. Wamesema kilichochinjwa kwa kisu butu ni halali kwa masharti mawili: kukata kusihitaji nguvu za mchinjaji, yaani makali ndiyo yakate na siyo msukumo wa mkono, na koromeo na umio viwe vimekatika kabla mnyama hajafikia ile hali ya kutapatapa ya mnyama aliyekwisha kuchinjwa. Masharti hayo yakikosekana, nyama hiyo haijawa halali. Sasa rudini kwa yule mbuzi wa tatu. Sisi usiku ule hatukulala vizuri. Tulimwendea mwalimu wetu mkubwa kumweleza yaliyotokea, na maswali aliyotuuliza tunayakumbuka moja baada ya jingine. Ndiyo maana tunasema kukijua kisu ni sehemu ya elimu ya kuchinja, na sisi walimu tulikuwa tumeiacha sehemu hiyo kwa wauza duka.

Basi tukaanza kujifunza. Kwa mwendo mfupi tu kutoka madrasani, nyuma ya magaraji, yupo mzee anayefua visu kwa resori za gari, ambazo wengine huziita springi. Tukamwonyesha kile kisu cheusi. Akakigeuzageuza, akacheka, akasema, "Maalim, mmenunua kanzu, mtu hamkumnunua."

Maneno ya mzee huyo ni ya kweli. Tuanze na hiyo kanzu, maana ndiyo inayouza visu siku hizi. Ule weusi, wekundu au wa rangi za maua unaoonekana kwenye visu vya bei ndogo mara nyingi ni rangi tu, au ni lile tabaka linalopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Linasaidia kitunguu na jibini visishikamane na ubapa, na linazuia kutu mahali lilipo. Basi. Ni laini kuliko chuma, na likisuguliwa kwenye kinoo linatoka. Wala msikiweke kisu cha namna hiyo juu ya makaa, kwa sababu tabaka la vikaango huanza kuharibika likipita joto la nyuzi 260 na kutoa moshi usiofaa kuvutwa. Yako matabaka bora zaidi, kama lile la rangi ya dhahabu la titani na naitrojeni, ambalo ni gumu kupita chuma chenyewe. Lakini unene wake ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Sehemu inayokata ni ule mstari mwembamba kabisa wa mwisho, na mara ya kwanza mtakapokinoa kisu pande zote mbili, tabaka katika mstari ule linaondoka. Kuanzia hapo mnakata kwa chuma kilicho chini yake. Kama ni kizuri, alhamdulillah. Kama ni kibovu, dhahabu haitasaidia.

Hatusemi rangi haina faida kabisa. Panga la shamba hupakwa rangi au vanishi dukani ili lisishike kutu kabla ya kununuliwa, na hilo ni jambo jema. Tunachokataa ni mtu kulipa zaidi kwa ajili ya rangi akidhani amelipia makali.

Sasa chuma chenyewe. Chuma cha pua, ambacho wazee wetu wa pwani walikiita feleji kikiwa bora, ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kikichomwa hadi kiwe chekundu na kuzamishwa ghafla kwenye mafuta au maji. Kisha kinapashwa tena kwa joto dogo ili kisiwe rahisi kuvunjika. Kazi hiyo ndiyo kutia matiko. Resori za gari huwa na kaboni kama asilimia 0.6, na ndiyo maana mafundi wanazipenda: zinashika matiko vizuri na haziendi vipandevipande zikigongwa. Ubaya wao ni mmoja, zinashika kutu haraka.

Visu vya dukani vinavyong'aa vimeongezwa kromiamu, angalau asilimia 10.5, ili visishike kutu. Chuma hiki kilipata umaarufu kutoka mji wa Sheffield, Uingereza, kwa kazi aliyoifanya Harry Brearley mwaka 1913, na mafundi visu wa wakati ule walikilalamikia kwamba hakikati. Tangu hapo kimeboreshwa sana, ila kipo cha kila daraja. Hapa ipo siri ndogo itakayowasaidia akina mama na akina baba mnapokwenda sokoni. Tazameni ubapani pameandikwa nini. Kikiandikwa 3Cr13, ile 3 ya mwanzo inaonyesha kaboni kiasi cha asilimia 0.3, na 13 ni kromiamu asilimia 13. Hicho ni laini, kitanoleka upesi na kitakuwa butu upesi. Kikiandikwa 5Cr15MoV, kaboni imefika asilimia 0.5 hivi na kromiamu 15. Kile cha Wajerumani kilichoandikwa X50CrMoV15 ni karibu na hicho hicho, kwani 50 maana yake ni asilimia 0.5. Hicho kinatosha kabisa kwa nyumba ya kawaida na kwa kuchinjia, kama kimetiwa matiko sawasawa. Tahadhari: mihuri inaweza kughushiwa, na kisu kisichoandikwa chochote zaidi ya neno la kung'aa kwake hakijawaambia lolote.

Wengine wanavipenda visu vyenye mawimbi ubapani, wakiambiwa ni feleji ya Damaski. Feleji hiyo ya zamani ilikuwa kweli. Vinoo vyake vya chuma vilitoka India na Sri Lanka, na ulimwengu wa Kiislamu uliijua elimu yake. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Iraki wa karne ya 9, aliandika risala nzima juu ya aina za panga na vyuma vyake, namna ya kuvitambua na kuvipambanua. Lakini mawimbi mengi ya sokoni leo yamechorwa juu tu. Chukueni msasa msugue mahali padogo, mtaona mawimbi yameondoka yasirudi.

Tuje kwenye jambo la tatu, nalo ndilo tulilokuwa hatulijui kabisa: pembe ya makali. Kisu kikinolewa, pande mbili zinakutana kwenye mstari wa makali. Kila upande umelala kwa nyuzi kadhaa. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya vya zamani vilinolewa kwa nyuzi 20 kila upande, vya Kijapani kwa 15 au pungufu, na panga au kisu cha kuvunjia mifupa kwa 25 hadi 30. Tulidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba makali manene ndiyo yanayodumu. Jambo lenyewe lina pande mbili.

Kipo kipimo cha kimataifa, ISO 8442-5, ambamo kisu hupelekwa mbele na nyuma juu ya rundo la karatasi ngumu zilizochanganywa na mchanga laini wa silika asilimia 5, kwa uzito ule ule, na kuangaliwa kimekata kina gani kabla ya kuchoka. Katika vipimo vya namna hii, chuma kile kile kikinolewa kwa pembe nyembamba hukata zaidi, na huendelea kukata muda mrefu zaidi, kuliko kikinolewa kwa pembe nene. Sababu yake ni nyepesi: hata ncha ya makali ikianza kulika, unene wa nyuma yake bado ni mdogo, kwa hiyo kinapita. Upande wa pili ni kwamba makali membamba yana mpaka. Chuma laini kikipewa pembe nyembamba kupita kiasi, makali yanalala, kama yalivyolala ya kile kisu cheusi. Chuma kigumu sana kikigonga mfupa, yanameguka. Kwa hiyo pembe lazima ilingane na chuma na lazima ilingane na kazi.

Na kazi ya kuchinja ni ipi? Ni kukata ngozi, koromeo, umio na mishipa miwili mikubwa ya shingo. Hakuna mfupa hapo kama mchinjaji anajua mahali pake. Basi kisu cha kuchinjia kinastahili makali membamba, nyuzi 15 hadi 20 kila upande kwa chuma kizuri. Lakini sisi tunafanyaje? Tukimaliza kuchinja, kisu hicho hicho tunachunia ngozi, tunakatia viungo, tunavunjia mbavu, na mwisho tunafungulia mkebe wa nyanya. Kisha mwakani tunakiuliza kwa nini hakikati. Rai yetu ni kwamba kila nyumba inayochinja, au kila kikundi cha nyumba kinachochinja pamoja, kiwe na kisu kimoja kisichofanya kazi nyingine yoyote. Mifupa ipewe shoka au panga. Na mwenye kisu hicho asione haya kumnyima jirani anayetaka kukiazima kuvunjia nazi.

Jambo jingine la kushangaza. Ule mchanga unaowekwa makusudi kwenye karatasi za kupimia visu, wanyama wetu wanao manyoyani. Mbuzi aliyelala vumbini siku tatu, shingo yake imejaa mchanga, na ndio unaoyala makali kabla kisu hakijafika kwenye ngozi. Mpangusieni shingo kwa kitambaa kibichi siku iliyotangulia, na kondoo mtengenisheni sufu kwa vidole mahali pa kukata. Tulifanya hivyo Idd iliyofuata na tukaona tofauti kwa macho yetu.

Namna ya kupata pembe nyumbani bila kifaa: chukueni karatasi yenye kona ya mraba, ambayo ni nyuzi 90. Ikunjeni kona hiyo katikati ni 45, ikunjeni tena ni 22 na nusu. Wekeni kona hiyo juu ya kinoo, lazeni kisu juu yake mkaone kinavyokaa, halafu mkishushe kidogo zaidi. Au pimeni upana wa ubapa. Kisu chenye upana wa sentimita 4 kikiinuliwa mgongo wake sentimita 1 kutoka kwenye kinoo, kipo karibu na nyuzi 15. Kikiinuliwa sentimita 1 na theluthi moja, kipo karibu na 20. Noeni upande mmoja kwa maji au mafuta mpaka mguse upande wa pili kwa kidole na kuhisi kijiuzi cha chuma kimejikunja huko, kisha mgeuze. Kijiuzi hicho kikiachwa, kisu kitaonekana kikali kwa dakika tano tu. Kiondoeni kwa kusugua taratibu sana, upande huu na huu, na mwisho kwenye mkanda wa ngozi. Asiye na kinoo laini anaweza kutumia kitako cha kikombe cha kauri, ule mduara wa chini usio na rangi.

Tunawaonya pia juu ya magurudumu ya umeme yanayonoa visu sokoni. Cheche zinapendeza watoto, lakini gurudumu likiwa kavu joto lake linapanda kwa sekunde chache. Mkiona makali yamegeuka rangi ya samawati, matiko ya mahali hapo yamekwisha kuharibika, hasa kwa visu vya resori, na hakuna kinoo kitakachoyarudisha mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Mnoaji wa baiskeli anayezungusha jiwe kwa miguu polepole na kutia maji ni bora mara nyingi, ingawa watu humwona amepitwa na wakati. Mwambieni atie maji kila mara, na mtajieni pembe mnayoitaka. Akicheka, mwacheni acheke.

Kutunza ni kazi ndogo. Kisu kisilale ndani ya beseni la vyombo, kwani hata kile kinachoitwa hakishiki kutu huliwa na chumvi kikaota vidoa. Kioshwe, kikaushwe, na cha resori kipakwe mafuta ya cherehani kikihifadhiwa, kisha kioshwe kwa sabuni kabla ya kutumika. Kukatia juu ya sahani, au juu ya saruji, ni kukiua. Ubao wa mti unatosha.

Kwa upande wetu madrasani tumeamua hivi. Wiki moja kabla ya Idd el-Hajj, kila siku baada ya swala ya Alasiri, tutakaa uani na vinoo vitatu na ndoo ya maji. Leteni visu vyenu vimefungwa kwenye gazeti nene, jina la mwenye kisu liandikwe juu. Wanafunzi wakubwa watajifunza kunoa, wadogo watajifunza kukagua kwa karatasi: kisu kinachokata karatasi iliyoning'inizwa bila kuipasua hicho kinapita, na kinachokwama mahali kimemeguka au kimelala, kinarudi kwenye kinoo. Kazi hiyo imalizike kabla ya siku ya Idd, mbali na wanyama, kwani imekatazwa kumnolea mnyama kisu mbele ya macho yake. Siku ya Idd wachinjaji wetu watabeba visu viwili kila mmoja, na baada ya kila mnyama makali yatapanguswa na kukaguliwa upya. Nyumba itakayotupa kisu ambacho hatujakiona, tutakijaribu kwenye karatasi kwanza, hata kikitoka kwenye boksi. Mtuvumilie kwa hilo.

Yule mtoto aliyetuuliza swali amekwisha kuomba awe wa kwanza kushika karatasi.